Honi wa Mashineni

7 Januari

Mdogo wangu,

Kabla hujauliza, mimi mzima, mashine nzima, na paa bado linavuja palepale ulipopaacha. Anayekuletea barua hii ni dereva wa lori la unga, na huyo aliyemshika mkono ni mwanao. Mpokee, mwoshe, maana amesafiri juu ya magunia na atakuwa mweupe hadi kope.

Nilikuahidi kumleta mwenyewe, lakini mwenye mashine hakunipa ruhusa. Mavuno yameingia na foleni ya wanaokuja kusaga inafika barabarani. Mtoto ametimiza umri wa chekechea, na huku hakuna chekechea, kuna vumbi. Anakohoa. Ndiyo sababu, na usiniulize mara ya pili.

Huku kila mtu anamwita Honi, hata mimi mama yake. Utajua kwa nini kabla hujamvua viatu. Amekulia humu mashineni tangu baba yake atutoke. Kitanda chake cha kwanza kilikuwa gunia tupu pembeni ya mota, na alipoanza kuongea alianza kwa kupaza sauti kama sisi wote. Akitaka kusema neno hugonga kwanza, debe au meza au chochote kilicho karibu, ili mtu ageuke. Usipogeuka, atakushika kidevu akugeuze mwenyewe. Si utovu wa adabu. Ndivyo tunavyoongea humu, la sivyo hatuelewani.

Ana kovu mguu wa kushoto. Limeshapona, usimsumbue nalo.

Simu yangu iliingia unga ikafa, na sitengenezi. Usihangaike kupiga kwa jirani wala kwa mwenye mashine. Andika, umpe dereva. Shuleni ulikuwa unasifiwa mwandiko mpaka tukachoka kusikia, sasa tuuone una faida gani.

Mlee kama wako. Nakuamini kuliko ninavyojiamini.

Dada yako


16 Januari

Dada mpenzi,

Siku hizi nani anaandika barua? Vidole vyangu vinauma kama nimefua mashuka ya hospitali nzima. Haya, wewe ndiye mkubwa, umeamua.

Mtoto alifika salama. Hilo jina la Honi mimi silitumii, namwita mwanangu, lakini yeye akiulizwa anaitwa nani anajibu HONI, na ghorofa zote zinapata habari. Unajua shemeji yako anaoka mikate usiku na kulala mchana. Asubuhi ya kwanza mwanao aliingia chumbani, akagonga ubao wa kitanda, alipoona mtu hageuki akamshika kidevu akamwuliza kwa sauti yake yote, "UMEKUFA?" Shemeji yako ameanza kulala na pamba masikioni.

Halafu kuna jirani wa chini, yule mzee mstaafu wa reli. Kelele zikizidi huwa anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Alipogonga, mwanao alifurahi kupita kiasi. Alidhani mzee anataka kuongea! Akagonga sakafu kwa kisigino kumjibu, kisha akalala kifudifudi kungoja mzee aseme anachotaka kusema. Mzee akagonga tena, na mwanao akamjibu tena. Nilicheka, lakini nilicheka nimejifungia bafuni, maana baadaye ilibidi nishuke kuomba radhi.

Chekechea ndiko kulikonivua nguo. Alimshika mwenzake kidevu akamwongelesha usoni, mwenzake akaangua kilio. Mwalimu akaniita mbele ya wazazi wengine, akasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nilitamani sakafu inimeze. Nilijibu nilivyoweza kujibu, yakaisha.

Usijali. Unanijua mimi, nikishika jambo nimelishika. Tutamzoesha.

Mdogo wako


29 Januari

Mdogo wangu,

Hiyo ya "umekufa" nimewasimulia wenzangu hapa na wamecheka mpaka mmoja akamwaga nafaka. Mwambie shemeji anisamehe.

Hayo ya mwalimu hayakunichekesha. Nimeyatafuna tangu juzi. Kwamba mamaye hakumfunza. Huenda ni kweli, mimi nilimfunza nilichokuwa nacho, na nilichokuwa nacho ni mota, magunia na watu wanaopiga kelele. Nimeona haya kwa niaba yako, wewe uliyesimamishwa pale.

Mzoeshe sauti ya ndani ya nyumba, hilo ni haki. Lakini kumtazama mtu usoni wakati wa kuongea, hilo mwachie. Ni heshima. Na asizoee kuongea akiwa nyuma ya mtu, si vizuri.

Mkanda wa mashine ulikatika wiki jana ukanichubua kidole. Si kitu. Nimekuambia tu ili dereva asije akakukuzia habari.

Dada yako


3 Machi

Dada mpenzi,

Keti chini kwanza. Mwanao jana kaingia nyumbani, kavua viatu, kasimama mlangoni, na kwa sauti ambayo nusura nisiisikie akasema, "Shikamoo mama mdogo." Shemeji yako alikuwa amelala na hakugeuka hata ubavu!

Nimefanya kazi, dada, nijisifu kidogo. Kazini kwangu, pale mapokezi kwa daktari wa meno, mtu akipaza sauti wagonjwa wanashtuka, kwa hiyo sote tunaongea chinichini. Basi nikamgeuzia iwe mchezo. Jioni tunacheza kliniki. Yeye mgonjwa, mimi mapokezi, na anayesikika mpaka chumba cha pili ameshindwa. Siku hizi ananishinda mimi.

Mikono ilikuwa tatizo, haitulii, inatafuta kitu cha kugonga au kidevu cha kushika. Nimemfundisha kuiweka nyuma. Akiongea na mkubwa anainamisha macho. Hilo la kumkodolea mtu macho usoni, samahani dada, mjini hapa linaitwa ujuvi. Na kwa kuwa alizoea kuongea kwa nguvu mate yalikuwa yanaruka, nikamwambia afunike mdomo kwa kiganja. Sasa anafunika bila kukumbushwa. Mwalimu amesema hajawahi kuona mtoto aliyebadilika hivi. Amemweka mbele darasani awe mfano kwa wenzake.

Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo bibi alivyokuwa akisema huku ametushikia fimbo?

Kidole kinaendeleaje? Hujaandika muda mrefu. Likizo ya Aprili namtuma kwa lori, utamwona mwenyewe na utanishukuru.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Nimeipata. Nimeisoma nikaikunja nikaisoma tena.

Umejitahidi. Asante. Sikutegemea apate maendeleo haraka hivyo.

Hilo la kiganja mdomoni, je, hawezi kuyafuta tu mate? Nauliza. Wewe ndiye uliye naye na wewe ndiye unayejua ya mjini, mimi nisije nikaingilia nisiyoyajua. Basi acha.

Nimepaka chumba chokaa kwa ajili yake. Kidole kimepona.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Leo sikusalimu kwanza, utanisamehe.

Mtoto amerudi jana. Dereva anasema alimkuta kwenye ngazi ya mashineni, amekaa peke yake na kifurushi chake, na wewe uko ndani unasaga. Njia nzima hakusema neno. Usiku nilipomwogesha akaniambia, "Mama amenuna. Mama hanitaki tena."

Nikamwuliza kisa. Anasema alikuwa anasimama mlangoni nyuma yako anakuita, na wewe unaendelea kumimina nafaka kana kwamba aliyesimama pale ni ufagio. Siku moja mvua ilianza akiwa hapo, akanyeshewa, hukugeuka. Usiku akikueleza jambo unamjibu "ndiyo, ndiyo", au unamfokea "SEMA!" mpaka ameogopa kusema.

Kosa lake nini? Kama hukupenda nilivyomlea ungeniandikia mimi, mtu mzima mwenzako. Mtoto wa miaka mitano unamkomoa kwa sababu ameiga watu wa mjini? Nilidhani nakurudishia mtoto utakayejivunia. Wewe ulitaka nini, nikurudishie yuleyule wa kugonga meza?

Nimekasirika na ninaona aibu kwa kukukasirikia, maana wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Lakini nijibu.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Sisikii.

Niliandika neno hilo nikaliacha mezani, nikaenda kazini, nikarudi nikalikuta. Basi niendelee.

Sikio la kushoto lilikwenda kabla Honi hajazaliwa. La kulia limekuwa likipungua kidogokidogo kama bomba wakati wa kiangazi, na sasa limebaki na muungurumo tu. Maisha yangu yote ya utu uzima nimekaa kando ya mota, ungetegemea nini? Mashineni hakuna aliyejua, kwa sababu mashineni hakuna anayesikia. Wote tunagonga, tunashikana videvu, tunasoma midomo. Tofauti ni kwamba wenzangu wakitoka jioni wanapata masikio yao tena.

Simu haikuingia unga. Ipo kabatini, nzima kabisa. Inatetemeka, naona jina lako linawaka, naiacha mpaka inazima.

Na Honi hajawahi kukohoa. Nilikudanganya. Sababu ni mguu wake. Magunia yalimporomokea nyuma yangu, pale pale, ningenyoosha mkono ningemgusa. Alilia. Waliokuwa kwenye foleni nje barabarani walisikia wakaja mbio, wakanipita mimi niliyekuwa nafagia unga na kuimba moyoni. Umeme ulikuwa umekatika, mdogo wangu. Mashine ilikuwa imezimwa. Wakaniuliza, "Wewe mama gani?" na mimi nikasema nilikuwa na mawazo. Ndipo nikaamua akae na mtu mwenye masikio.

Kisha ukaniandikia umemfundisha kunong'ona. Kuinamisha macho. Kuweka mikono nyuma. Na kufunika mdomo. Ulivitaja kimoja kimoja kwa furaha, na kila kimoja kilikuwa njia niliyobakiwa nayo ya kuongea na mwanangu. Ningekuandikia usifanye hivyo, ungeuliza kwa nini. Nikaona heri ninyamaze kuliko niulizwe. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa na nikaendelea kuficha.

Jioni ya kwanza aliketi mbele yangu akanieleza jambo refu. Nilijua ni refu kwa kuangalia mabega. Macho chini, kiganja mdomoni. Nikasema ndiyo. Akakaa ananingoja, kumbe lilikuwa swali. Nikasema ndiyo tena. Baadaye hofu ikanipanda nikamwambia SEMA, na kwa sura aliyoifanya nadhani nilifoka, sijui, sauti yangu mwenyewe siisikii. Akainuka akaenda kulala na viatu.

Hakuna siku niliyomnunia. Naona aibu kwake na kwako, na naona aibu kwamba hata sasa nakuomba usimwambie mtu. Mashine inaendeshwa kwa sikio kabla ya jicho. Mwenye mashine akijua, ataniondoa.

Dada yako


14 Mei

Dada yangu,

Niliisoma jikoni nikajikuta nimekaa sakafuni. Shemeji yako alidhani tumefiwa.

Nikuambie na langu, lisiwe lako peke yako. Siku ile mwalimu aliposema yale, mzazi mmoja aliniuliza kama mtoto ni wangu. Nikasema ni mtoto wa mfanyakazi wangu wa ndani. Nilikuandikia "nilijibu nilivyoweza". Nilikukana wewe na yeye kwa pamoja, na mtoto alikuwa amenishika gauni. Sijui kama alisikia. Anasikia kila kitu.

Usiku uleule wa barua yako nilianza kurekebisha. Niligonga meza, nikamwambia kwa sauti, "Mwanangu, ongea kwa nguvu!" Aliruka. Akaweka kidole mdomoni akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mama mdogo, polepole. Jirani." Nikamwambia aondoe kiganja, akakiondoa, na alipofika neno la pili kiganja kilikuwa kimerudi. Hajui hata kwamba kimerudi. Nilijivunia kumkunja, nikasahau kwamba aliyekunjwa hanyooki kwa kuambiwa nyooka.

Na juzi mzee wa chini amepanda ngazi zote na magoti yake mabovu, akabisha hodi. Anauliza mtoto ameondoka? Nikasema yupo. Akasema, "Mbona hajibu? Mimi asubuhi nikiamka nagonga dari, alikuwa ananijibu, nikawa nimezoea. Siku hizi nagonga, kimya." Nilikosa pa kuweka uso.

Hukuniruhusu kumwambia mtu, lakini Honi nimemwambia. Nilishindwa kumwacha aende kulala na yale ya "hanitaki". Nikamwambia masikio ya mama yameharibika kwa mashine. Akafikiri. Akauliza, "Kwa hiyo hakununa?" Nikasema hakununa. Akafikiri tena, uso ukambadilika, akauliza, "Sasa nani anamwambia mashine ikilia vibaya?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Anasema alikuwa anakaa kwenye gunia lake, na mota ikibadilisha mlio anakuja kukuvuta gauni. Kwake ilikuwa kazi, mama anamimina na yeye anasikiliza. Hakuna aliyemwagiza.

Dada, kile kidole. Niambie ukweli wa kile kidole.

Mdogo wako


1 Juni

Mdogo wangu,

Kidole hakipo. Kiliondoka na mkanda, mpaka kwenye kiungo cha pili.

Hayo ya gauni mimi mwenyewe sikuyajua. Alikuwa akinivuta, nadhani ana njaa, namkatia mkate, na nikiinua kichwa naona mkanda umelegea au nafaka imekwama. Nazima haraka. Wenzangu wanasema huyu mama ana jicho, haijawahi kumharibikia mashine. Na mimi nacheka, najisifu nina jicho! Mtoto wa kukaa kwenye gunia ndiye aliyekuwa ananishikia kazi na mikono yangu yote miwili, ujira wake kipande cha mkate. Nikamtoa ili awe salama, na wiki ya tatu nikaacha kidole pale alipokuwa akikaa kunisikilizia.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda kwa mwenye mashine nikamwambia mwenyewe. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliniambia kitu huku ameinama anafunga kamba ya kiatu, nikamwomba ainue uso akirudie, akakirudia: "Ungeniambia zamani." Kisha akanihamishia barazani, nashona midomo ya magunia. Aliyechukua mashine ni yule niliyemfundisha mimi. Nikipita mbele yake naangalia upande wa pili, na yeye hivyo hivyo. Wanawake wa foleni sasa wananiongelesha kwa kupanua midomo kama wanamlisha mtoto. Heri hivyo. Nasema heri, lakini jioni nikifika nyumbani nalia.

Karatasi ya shule uliyotia ndani ya barua inasema mwisho wa muhula wazazi wanaalikwa chekechea kuona watoto walivyosoma. Barazani wananipa ruhusa, hakuna anayening'ang'ania tena. Nataka kuja. Lakini sitaki kuja kumwaibisha. Mwulize kama anataka nije, na unijibu kweli.

Dada yako


13 Juni

Dada yangu,

Nimemwuliza. Njoo. Anahesabu siku.

Vaa lile gauni la buluu, na lori likichelewa usijali, tutakungoja getini.

Mdogo wako


4 Julai

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Nashukuru kwa kitanda, kwa mikate ya shemeji, na kwa kunitazama usoni kila uliponiongelesha, hata ulipokuwa unapika. Niliona unavyojitahidi.

Ile asubuhi ya chekechea inanirudia kichwani kila nikishika sindano. Nilijiambia nitakaa kimya, nitatabasamu tu. Mwalimu akaja, akaniambia kitu, nikaona mdomo wake unasema "karibu", nikamjibu asante. Kumbe nilimpigia kelele. Nilijua kwa sababu watoto wote waligeuka kwa pamoja na mzazi mmoja akadondosha kikombe. Nikamtafuta Honi kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Masikio yake yalikuwa yamewiva. Mdogo wangu, hapo nilitamani niwe nimebaki barazani na magunia yangu, nisionekane na mtu wa mjini hata mmoja.

Alipoimba na wenzake sikusikia, lakini nilipiga makofi wengine walipopiga. Nadhani nilichelewa kuacha.

Wakati wa kuondoka ulitangulia kusimamisha lori, unakumbuka. Mimi na yeye tulibaki getini. Hapo ndipo aliponiambia kitu. Wazazi walikuwa wanapita, naye alikuwa na kile kiganja chake, kinapanda na kushuka, mara kinaficha mdomo mara kinaacha. Nililipata neno "mama". Nililipata "tena". Mengine sikuyapata. Nilitaka kumwomba arudie, nikaona haya mbele ya watu, na yeye niliona anaona haya kurudia. Tukacheka wote wawili kama watu walioelewana, nikapanda lori.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. "Mama" na "tena", unaweza kuyaunganisha kwa njia nyingi, na mimi nimeziunganisha zote. Mwulize alisema nini. Usinipambie. Kama alisema nisije tena, andika nisije tena, nitaelewa, na sitamchukia mtu.

Dada yako


9 Julai

Dada yangu,

Kabla ya jibu, ukweli. Nilikuandikia kwamba anahesabu siku. Hakuwa anahesabu. Nilipomwuliza kama uje aliniambia, "Mwambie asije, mama anapiga kelele." Alikuwa anarudia maneno yangu, dada. Aibu ile uliyoiona masikioni mwake haikuzaliwa naye wala haikutoka kwako. Ni mimi niliyemtia, jioni baada ya jioni, nikiita mchezo. Niliogopa kukuandikia, nikaandika uongo, na siku ile nilisimama ukutani nikiuona unakuumbua wewe badala yangu.

Kwa hiyo barua yako ilipofika nilikaa nayo mfukoni. Nilikuwa na hakika jibu ni baya, na nilikuwa nimeshakutungia jibu lingine zuri.

Leo nikamwuliza. Alikuwa anakula mkate dirishani. Hakuona kama ni swali kubwa. Alinijibu huku ameufunika mdomo kama kawaida yake, bado hatujafika mbali na hilo, lakini nilisikia kila neno, nami nakuandikia kama alivyosema.

"Nilimwambia, mama, nikikuita usipogeuka sitakununia tena. Nitazunguka nije mbele."

Mdogo wako